Nani alikuambia sanaa na sayansi haziwezi kukaa nyumba moja?

Leo usiku, watu wa kwenu wakishalala, zima taa ukae gizani kama dakika kumi na tano hivi mpaka macho yazoee. Kisha chukua kipande cha sukari, ile ya mchemraba wanayokupa kwenye hoteli za wakubwa, ukibane kwa koleo mpaka kipasuke. Usipepese macho. Utaona mmweko wa samawati, hafifu sana, unaopita kabla hujaamini umeuona. Rudia tena.

Si uchawi, na macho yako hayana tatizo. Chembe ngumu za sukari zikivunjika, chaji za umeme hutengana kisha zikarukiana hewani, na naitrojeni iliyo kwenye hewa hiyo ikatoa mwanga. Kwa ufupi, umepiga radi ndogo ndani ya sukari ya chai. Mwingereza Francis Bacon aliutaja mwanga huo katika kitabu chake cha mwaka 1620. Miaka 400 na ushee imepita, na mimi bado sijakutana na mwalimu aliyewaonyesha wanafunzi wake jambo hili, ilhali sukari iko kwenye kila duka la mtaa na giza tunalo bure, hasa stima zikipotea.

Naanza na sukari kwa sababu sisi wa huku ni watu wa sukari. Panda matatu Kitale, pita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu mpaka Webuye, kisha ukate kwenda Bungoma mjini. Unaanza na mahindi, unamaliza na miwa. Kijana aliyekulia kwenye barabara hiyo ameona trela za miwa tangu akiwa mgongoni mwa mama. Muulize kama kwao kuna kitu cha ajabu. Atakuambia, "Hapa? Hapa hakuna kitu, bana." Kisha atakuonyesha video ya mtu aliye Japani akitengeneza peremende kwa mkono, na ataitazama mara tatu.

Mwaka huu wa 2026 jambo hili limeanza kuniuma zaidi. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia sekondari pevu, na kila mmoja ameingia na mkondo wake: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Spoti. Serikali ilisema inalenga asilimia 60 waende STEM. Sina ugomvi na mikondo. Shule lazima ipange ratiba. Ugomvi wangu ni na yale yanayosemwa mezani nyumbani. Eti sayansi ni ya wenye akili, na sanaa ni ya waliobaki. Eti ukichora vizuri wewe ni msanii, basi achana na kemia, na ukipenda kemia, kuchora kwako ni mchezo wa Jumapili. Kuna mtoto wa Gredi ya 9 hapa Trans Nzoia au Bungoma anayesoma makala hii kwa simu ya mzazi, na atajaza fomu hivi karibuni. Nazungumza na wewe kwanza. Wengine wasikilize tu.

Twende kwanza mahali wanapopika sukari nguru. Kama unatoka maeneo ya miwa ya Bungoma, hujakosa kupita karibu na mtambo mmoja: injini ya dizeli inanguruma, miwa inapita kwenye magurudumu ya chuma, maji yake yanatiririka hadi kwenye makarai makubwa yaliyopangwa juu ya tanuri refu. Makapi ya miwa hiyo hiyo yanaanikwa juani, kisha yanakuwa kuni. Povu linapanda, linatolewa kwa upawa mrefu. Maji ya miwa ni ya kijani chafu, lakini yakichemka yanageuka manjano, kisha rangi ya asali, kisha kahawia. Harufu yake hufika barabarani kabla hujauona moshi.

Sasa mtazame mpishi mkuu pale. Hana kipimajoto. Anachota tone la shira na kulidondosha kwenye bakuli la maji baridi. Likisambaa, bado. Likishikana likawa kijitufe kinachobonyea kwa kidole, anapiga kelele na vijana wanaipua. Akichelewa kidogo tu inaungua, akiwahi inabaki uji usioganda. Mtu wa mjini akiona hivyo anasema huyu anabahatisha.

Habahatishi. Ukiwa ufuoni Mombasa, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Bungoma mjini, karibu mita 1,400, ni kama 95. Ukipanda juu, hewa inayokandamiza sufuria inapungua, na mvuke unatoroka mapema. Ndiyo maana maharagwe ya Kitale yanakula makaa kuliko ya pwani, na mama yako amekuwa akilalamika bila kujua kwamba anafundisha fizikia.

Jambo hilo hilo linaikuta shira. Peremende ngumu, ile switi ya kumumunya, huhitaji shira ifike nyuzi 150 hivi kwa vipimo vya mtu wa pwani. Mtu wa Kitale akifuata namba hiyo kama ilivyoandikwa, amepitiliza kwa nyuzi tano au sita, na sukari yake itaanza kuwa chungu. Lakini tone kwenye maji baridi halijali uko mlimani au baharini, kwa sababu linapima kitu chenyewe: ni maji kiasi gani yamebaki ndani ya shira. Mpishi wetu wa sukari nguru ana kipimo ambacho mlima hauwezi kukidanganya. Sasa niambie, yule ni mkondo gani? Mkono wake, jicho lake la rangi, sikio lake linalosikia povu likibadilisha sauti, hiyo ni sanaa. Anachokipima ni kemia. Fomu yako haina kisanduku chake.

Na peremende yenyewe, kwa taarifa yako, ni kioo. Sisemi inafanana na kioo. Sukari ya chai ni fuwele: molekuli zake zimejipanga mistari kama wanafunzi kwenye paredi ya asubuhi. Peremende ni wanafunzi wale wale baada ya kengele ya saa kumi. Shira imepozwa haraka kabla hazijapata nafasi ya kujipanga, zikagandia popote zilipokuwa, shaghalabaghala. Kioo cha dirisha nacho kimeganda vivyo hivyo, ila chake ni mchanga. Ndiyo maana peremende nyekundu ukiielekeza kwenye jua inapitisha mwanga, na ndiyo maana ikivunjika inakata ulimi. Ukiwa na shilingi tano una kioo chekundu cha kutazamia dunia, halafu unakila.

Tuache utamu kidogo. Kutoka Kitale ukielekea Endebess unafika lango la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, na humo ndani kuna Pango la Kitum, linaloingia mlimani kama mita 200. Usiku ndovu huingia humo. Wanatembea gizani totoro, mama na watoto, wakipapasa njia kwa mkonga, mpaka wafike penye mwamba wenye chumvi. Kisha wanauchimba kwa pembe, wanasaga mawe kwa magego, wanameza. Majani ya msituni hayana chumvi ya kuwatosha. Alama za pembe zimejaa ukutani, mistari juu ya mistari, kizazi baada ya kizazi.

Msafiri Joseph Thomson kutoka Scotland alipofika mapango ya Elgon mwaka 1883, aliyaona makubwa mno kuwa kazi ya wenyeji. Akadhani yalichimbwa zamani na watu kutoka mbali, pengine Wamisri. Wakati huo jamii za Elgon ziliishi mapangoni na mifugo yao, na ng'ombe walikuwa wakilamba chumvi ile ile. Jibu lilikuwa mbele yake, lakini alikuwa amekuja na jibu lake kwenye begi. Nawaambia kweli, huyu jamaa namkumbuka kila nikimsikia kijana wetu akisema cha maana lazima kitoke ng'ambo.

Nisikudanganye kwamba kila kizuri ni cha kukumbatia. Mwaka 1980, na tena 1987, watu wawili waliokuwa wamezuru Kitum waliugua homa ya Marburg wakafariki. Baadaye wanasayansi waligundua virusi hivyo ndani ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini huko Uganda. Kwa hivyo ukienda, nenda na mwelekezi, usiguse popo wala kinyesi chake, na usijifanye ndovu. Lakini nenda. Ndovu wale waliwindwa sana na majangili, na mwamba uliochongwa na pembe za mababu zao ni kitu ambacho hakuna serikali ya kaunti inayoweza kukijenga upya.

Kama nauli ya Elgon haipo, Makumbusho ya Kitale yako mjini. Yalianza mwaka 1926 kama mkusanyo wa Luteni Kanali Stoneham, kwa hivyo mwaka huu yanatimiza miaka 100, na kwenye jengo la sasa yamekuwa tangu 1974. Ni makumbusho ya kwanza nchini kujengwa nje ya Nairobi na pwani. Historia yake ina uchungu wake: mzungu alikuwa na muda wa kufukuza vipepeo kwenye shamba la Trans Nzoia wakati wenyeji walikuwa vibarua kwenye ardhi yao wenyewe. Hilo tusilifiche. Lakini wadudu wale walikuwa wa kwetu kabla hawajachomwa pini, na hakuna anayekuzuia kwenda kuwatazama. Nyuma ya jengo kuna msitu mdogo wa miti ya asili, na ukinyamaza, jambo ambalo kundi la wanafunzi huliweza kwa dakika mbili hivi, unaweza kuona tumbili wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe kama mzee wa baraza.

Nikuambie jambo moja kuhusu vipepeo. Kuna mmoja mweusi mwenye utepe wa samawati ya kijani unaong'aa, anaitwa kitaalamu Papilio nireus, anayeonekana sehemu nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Huenda umemwona kwenye maua ukadhani ni karatasi ya peremende inapeperushwa. Mwaka 2005 wanasayansi wawili wa Uingereza waliandika katika jarida la Science kwamba vigamba vya mabawa yake vinanyonya mwanga usioonekana, vinautoa ukiwa samawati ya kijani, na vina vishimo na kioo cha chini vinavyousukuma mwanga huo nje usipotee. Mpangilio huo unafanana na ule wahandisi waliokuwa wakihangaika kuutengeneza kwenye taa za LED ili ziwake zaidi. Kipepeo wa shambani alikuwa nao tangu zamani. Mwanafunzi anayemchora kwa uangalifu, akijiuliza mbona rangi hii hainipatikani kwenye penseli zangu, ameshaanza kuuliza swali la fizikia kabla ya mwalimu wa fizikia kuingia darasani.

Nina mfano ninaoupenda kuliko yote, na wenzangu wa Bungoma mnaujua. Chiswa. Kumbikumbi. Mvua kubwa ikishanyesha, watu wanafunika mdomo wa kichuguu kwa majani au blanketi, wanaacha mlango mdogo wenye shimo la kunasia. Kisha wanakaa chini na kuanza kupiga vijiti juu ya kipande cha mti, mdundo wa haraka, na nyimbo juu yake. Wazee husema kumbikumbi wanadanganywa kwamba mvua inanyesha. Tunachojua ni kwamba mchwa husikia kwa miguu: mtikisiko wa udongo ndio lugha yao, na hata askari wao hugonga vichwa ukutani wakiona hatari. Kwa hivyo yule nyanya anayepiga vijiti anazungumza na wadudu walio chini ya ardhi kwa lugha inayowafikia, na mdundo ukilegea hawatoki. Wanapotoka ni wengi kama moshi, mabawa yakimetameta juani. Unawala wabichi pale pale, watamu, wa mafuta, au unawakaanga kwa chumvi kidogo.

Rafiki zangu wa Nairobi wakisikia hivyo wanakunja uso. Wao wanalipa pesa nyingi kula kamba wa baharini mwenye miguu kumi, lakini kumbikumbi ndiye kichekesho! Haya basi, wakunje. Mimi nauliza tu: umekaa miaka minane shuleni, je, kuna siku mwalimu wa muziki na mwalimu wa bayolojia walikuja pamoja mkatoka nje kupiga vijiti?

Najua kuna msomaji ameshaanza kuguna. Urembo haulipi karo. Kijana hana kazi, wewe unamletea vipepeo. Nakubali, swali ni halali. Wakulima wa miwa wa Bungoma wamelia kwa miaka mingi juu ya malipo yanayochelewa, na huwezi kumwambia mtu huyo atazame povu la sukari kwa furaha. Kushangaa peke yake hakuleti unga.

Ila hebu tazama biashara yetu ilivyo. Tunakata muwa, tunauuza kwa tani, kwa bei anayotaja mnunuzi. Kisha tunarudi dukani kununua peremende zilizofungwa viwandani Nairobi, na kashata za njugu zinazouzwa kwenye matatu kwa bei tunayotajiwa tena. Sukari nguru yetu wengine wanaijua kama kitu cha kupikia chang'aa tu. Mbona hakuna kijana wa Kanduyi aliyeifanya kipande kidogo cha kumumunya, chenye tangawizi au limau, kwenye karatasi iliyochorwa na mwenzake wa mkondo wa Sanaa? Atakayefanya hivyo atahitaji kujua ni kwa nini shira inarudi kuwa mchanga ukiikoroga vibaya, kwamba tone la limau linazuia hilo, na kwamba kipimo cha pwani hakimfai mlimani. Atahitaji pia macho ya rangi na ulimi usiodanganyika. Mikondo miwili, sufuria moja.

Pia kuna vitu vinavyokufa kwa kukosa watazamaji. Mbuga ya Saiwa, kilomita chache kutoka Kitale, ndiyo mbuga ya kitaifa ndogo kuliko zote Kenya: karibu kilomita 3 za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe. Huyu ni paa wa kinamasi, kwato zake ndefu zimepanuka ili asizame topeni, na akishtuka anajizamisha majini akaacha pua tu juu. Mahindi yamefika ukingoni mwa kinamasi hicho. Kila mvua inaposhuka, udongo wa mashamba unaingia. Hakuna anayepigania mnyama ambaye hajawahi kusimama kwenye jukwaa la mbao alfajiri akimsubiri. Wakati huo huo, mabasi ya shule zetu yanapita barabara kuu yakienda Nairobi kwa ziara ya masomo, watoto wakalale njiani na kurudi wakiwa wameona majumba marefu.

Kwa hivyo kwa walimu wakuu wa Trans Nzoia na Bungoma, ombi langu ni dogo: ziara moja kwa mwaka iwe ya karibu, Saiwa au makumbusho, na waende walimu wawili, mmoja wa sayansi na mmoja wa sanaa, wakigombana njia nzima kama wanataka. Maabara ya kemia ipike sukari nguru siku moja, makarai yapo. Na somo la mawimbi lianze na litungu. Chombo kina nyuzi saba, mzee anazikaza kwa sikio mpaka zikubaliane, halafu mwanafunzi anaambiwa sauti inategemea urefu, uzito na mkazo wa uzi. Ataelewa kwa dakika kumi kile ambacho mchoro ubaoni hueleza kwa wiki.

Kwa mzazi: mtoto akikuambia amechagua Sanaa, usimlilie kama msiba. Muulize anaona nini akitazama. Na akichagua STEM, usimnyang'anye penseli za rangi.

Na wewe wa Gredi ya 9, Agosti hii ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, kwa kuwa mwaka unagawanyika kwa mbili. Utaona vijana wakipita njiani wakipiga chinyimba, zile njuga za chuma, kwenye vikuku vya mikono, na usiku kucha hutalala. Badala ya kurekodi tu kwa simu, mtafute mhunzi aliyezifua. Muulize anajuaje chuma kimefika joto linalofaa bila kipimo, na kwa nini njuga mbili za ukubwa mmoja hazilii sawa. Mimi nimewauliza watu watatu, na nimepata majibu matatu.